Umeondoa Virusi, Intaneti Ikakata: Pitia Haya Kabla Hujafuta Windows

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifika kibandani kwangu hapa Busia, upande wa Uganda, jua likiwa linaelekea kuzama. Laptopu yake alikuwa ameifunga kwenye leso ili vumbi la malori lisiingie. "Dada, nimeisafisha mwenyewe," akaniambia. "Virusi vimetoka vyote, 43. Lakini tangu vitoke, mtandao hakuna." Kesho yake alitakiwa kuingiza mtandaoni majina ya watahiniwa wa darasa la saba. Fundi aliyemwona kabla yangu alimwambia dawa ni moja tu: kufuta Windows na kuiweka upya, shilingi 50,000, na mafaili yapotee yatakayopotea.

Tulimaliza kwa dakika kumi na hatukufuta kitu. Nimeona watu wamepoteza picha za wazazi wao waliofariki na hesabu za duka za miaka mitano kwa tatizo hilihili, na inaniuma, kwa sababu mara nyingi hakuna sababu ya kufuta chochote.

Kwanza elewa kilichotokea. Virusi vingi vya siku hizi havikai pembeni kuharibu mafaili. Vinajipachika katikati ya njia, kati ya kivinjari chako na dunia, ili vikuoneshe matangazo, vikuelekeze kwenye kurasa za uongo au vichungulie unachoandika. Antivirusi ikija inaondoa faili la kirusi, lakini yale mabadiliko ambayo kirusi kilifanya kwenye mipangilio ya mtandao mara nyingi inayaacha palepale. Kwa hiyo kazi yako sasa ni kutafuta ni wapi njia imekatika.

Usianze na kompyuta. Chukua simu, iunge kwenye Wi-Fi ileile, zima data ya simu, halafu fungua ukurasa wowote. Simu nayo ikikataa, tatizo liko kwenye ruta au bando limekwisha. Sisi wa mpakani tuna jambo letu la ziada: kama unatumia hotspoti ya simu, tazama jina la mtandao pale juu ya kioo. Simu ikishadaka mnara wa ng'ambo, Kenya, data inaweza kukatika huku alama zote zimejaa, na mtu akailaumu laptopu bure.

Simu ikipata intaneti na kompyuta ikakosa, rudi kwenye kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bofya Command Prompt kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Run as administrator. Litafunguka dirisha jeusi. Andika:

ipconfig

Tafuta mstari wa IPv4 Address. Ukiona namba inayoanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta, imejipa yenyewe. Ruka mpaka sehemu ya huduma na Winsock huko chini. Ukiona kitu kama 192.168 na namba nyingine mbele yake, anwani ipo. Sasa jaribu ping, amri inayoita kompyuta ya mbali na kusubiri ijibu:

ping 8.8.8.8

ping google.com

Ya kwanza ikijibu na ya pili ikisema haikupata jina, shida yako ni DNS, huduma inayogeuza jina la ukurasa kuwa namba ya anwani yake. Zote mbili zikijibu lakini kivinjari kimegoma, karibu nina hakika ni proksi. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu. Ping zote zilijibu bila wasiwasi, huku Chrome inaandika ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED.

Proksi nitaieleza kwa mfano wa hapa kwetu. Dereva wa lori ameagizwa kwamba karatasi zake zote zipitie kwa wakala fulani, ofisi namba fulani. Wakala yule alikuwa mwizi, amekamatwa, ofisi imefungwa. Lakini dereva hakuna aliyembadilishia maagizo, kwa hiyo kila siku anakwenda kusimama mbele ya mlango uliofungwa. Kirusi kinafanya hivyo. Kinaiambia Windows ipitishe kila kitu kwake, ndani ya kompyuta yako mwenyewe, kwenye anwani 127.0.0.1. Antivirusi inamwondoa wakala, maagizo yanabaki.

Fungua Settings, kisha Network & Internet, kisha Proxy. Teremka hadi Manual proxy setup. Kwenye laptopu ya mwalimu kitufe cha Use a proxy server kilikuwa kimewashwa, na kwenye kisanduku cha Address imeandikwa 127.0.0.1. Mwalimu aliitazama akasema hajawahi kuufungua ukurasa huo maishani mwake, nami nikamwamini. Zima kitufe hicho. Kwenye Windows 11 utabonyeza kwanza Edit ndipo ukione. Tazama pia Use setup script hapo juu: kama imewashwa na kompyuta si ya ofisi iliyokuwekea mpangilio huo, izime nayo. Kisha urudi kwenye dirisha jeusi uandike:

netsh winhttp reset proxy

Amri hiyo inasafisha proksi inayotumiwa na baadhi ya huduma za Windows zenyewe, ambayo ukurasa wa Settings haukuoneshi. Na kama unatumia Firefox, ina mpangilio wake: Settings, General, teremka hadi Network Settings, chagua No proxy.

Sasa sikiliza vizuri. Ukishazima proksi, washa kompyuta upya, halafu rudi utazame ukurasa uleule. Ikiwa imejiwasha tena yenyewe, kirusi bado kimo. Acha kutengeneza mtandao. Pakua programu ya kusafisha kwa kompyuta nyingine iliyo safi, ilete kwa flashi, usafishe tena. Kutengeneza njia wakati mwizi yumo nyumbani ni kumfungulia mlango.

DNS nayo ni kama kijana wa steji ya boda. Mitaa yetu mingi haina namba za nyumba. Unataja jina, "nipeleke kwa Mama fulani muuza samaki," na yeye ndiye anayejua ni wapi. Kirusi kinaweza kumwondoa kijana huyo na kuweka mtu wake, akupeleke anakotaka yeye. Siku mtu huyo akiondoka, unataja majina na hakuna anayekuitika. Hili liliwahi kutokea duniani kwa kiwango kikubwa: kirusi cha DNSChanger kiliingia kwenye kompyuta zaidi ya milioni 4. Novemba 2011, FBI ya Marekani ilizikamata seva za wahalifu, na kwa amri ya mahakama zikawekwa seva safi mahali pake ili watu wasikatikiwe ghafla. Seva hizo zilizimwa tarehe 9 Julai 2012, na ambao hawakuwa wamerekebisha kompyuta zao wakawa hatarini kuamka hawana intaneti.

Kurekebisha: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bonyeza Enter. Bofya Wi-Fi kwa kitufe cha kulia, Properties, kisha bofya mara mbili Internet Protocol Version 4. Ukikuta namba za DNS ambazo hukuziweka wewe, ziandike pembeni kwenye karatasi, halafu chagua Obtain DNS server address automatically. Ikiwa bado majina hayapatikani, weka kwa mkono 8.8.8.8 na 1.1.1.1. Maliza kwa:

ipconfig /flushdns

Kama kila kifaa nyumbani kinapelekwa kwenye kurasa za ajabu, simu zikiwemo, basi DNS imebadilishwa ndani ya ruta yenyewe. Ingia kwenye ruta, irekebishe, na ubadilishe nywila yake. Nywila iliyobandikwa chini ya ruta tangu dukani kila mgeni ameshaiona.

Kukiwa na kurasa chache tu zinazokataa, hasa za antivirusi, fungua Notepad kama administrator na usome faili C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, ambamo kirusi huweza kuandika maelekezo ya uongo ya kurasa. Mistari inayoanza na # iache. Mingine inayotaja kurasa hizo ifute, uhifadhi.

Kuna chanzo kimoja ambacho kwa Uganda siwezi kukipita. Tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, watu wanaingia kwa VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mahali pengine, na wengi wanachukua yoyote ya bure wanayoikuta. Nyingine ni mtego. Nyingine si mbaya, lakini ukiiondoa vibaya inaacha kadi ya mtandao ya bandia, au inaacha kizuizi kilichowekwa ili intaneti isipite pasipo VPN. Kwenye ukurasa uleule wa ncpa.cpl, hesabu kadi zako. Ukiona yenye jina la TAP au la VPN uliyokwisha kuiondoa, ibofye kwa kitufe cha kulia na uchague Disable kwanza, usiifute. Jaribu intaneti. Ndani ya Properties ya Wi-Fi tazama pia ile orodha yenye visanduku vya tiki: ukikuta jina la VPN au antivirusi ya zamani, ondoa tiki yake.

Bado? Basi ni Winsock, ile sehemu ya Windows inayounganisha programu na mtandao. Kirusi huweza kujifunga humo kama pingili kwenye mnyororo, na pingili ikikatwa mnyororo wote unaachia. Kama ulikuwa umeweka anwani ya IP kwa mkono, iandike kwanza, maana itafutika. Kisha:

netsh winsock reset

netsh int ip reset

Washa kompyuta upya. Pasipo kuwasha upya hazifanyi kazi.

Wenye namba ya 169.254, bonyeza Windows na R, andika services.msc, na uhakikishe DHCP Client, DNS Client, WLAN AutoConfig na Base Filtering Engine zimeandikwa Running. Base Filtering Engine ikiwa haipo kabisa kwenye orodha, hiyo ni alama ya kirusi kizito. Kirusi kiitwacho ZeroAccess kilijulikana kwa kuifuta. Ipeleke kwa fundi, na mwambie ulichokiona. Iliyosimama tu, iwashe. Kisha endesha sfc /scannow kwenye dirisha jeusi, ikague mafaili ya Windows yenyewe na kurekebisha yaliyoharibika. Haihitaji intaneti, lakini inachukua muda, kwa hiyo jaza betri kwanza. Umeme ukikatika katikati kwenye kompyuta ya mezani, unaweza kujiongezea tatizo juu ya tatizo.

Jaribio moja ninalolipenda: unga simu kwa waya wa USB na uwashe USB tethering. Intaneti ikija kwa waya lakini si kwa Wi-Fi, Windows yako ni nzima, kadi ya Wi-Fi au draiva yake, yaani programu inayoiendesha, ndiyo mgonjwa.

Network reset, iliyo kwenye Network & Internet, nenda nayo mwisho. Inarudisha kila kitu cha mtandao kama kipya na inasahau nywila zote za Wi-Fi. Ziandike kabla.

Intaneti ikirudi, usikimbilie kuingia benki. Badilisha nywila zako ukitumia simu, ukianza na ya barua pepe, kwa sababu hiyo ndiyo inayofungua nyingine zote.

Mwalimu aliingiza majina yake akiwa ameketi kwenye stuli yangu, moja moja, akisoma kwenye daftari la mahudhurio hadi giza likaingia. Nilimwomba kitu kimoja: kesho asubuhi, kabla ya kufungua chochote, afungue ukurasa wa Proxy. Saa moja na nusu asubuhi simu ikalia. "Dada, bado imezimwa."