Kuizunguka Mombasa na Rafiki Mgeni, Shanta Mgongoni

Ukija Mombasa na rafiki uliyekutana naye huko ughaibuni, kila mmoja na shanta lake, watu watakutazama wewe. Wewe ndiye utakayeulizwa mnakwenda wapi, wewe ndiye utakayetajiwa bei, na majibu ya wote wawili yatatoka kinywani mwako. Siku ya kwanza ni raha tupu. Siku ya pili koo limekauka. Siku ya tatu mnanuniana: wewe umechoka kutafsiri, naye amechoka kuvutwa mkono kama mtoto. Nimeyaona kwa wengi wanaorudi pwani, na yalinipata nilipokuja nyumbani na mwenzangu kutoka Poland. Ndiyo maana nasema, kabla ya kupanga mtaona nini, mfanye mwenzako aweze kutembea Mombasa bila wewe. Baada ya hapo kutembea pamoja kutakuwa na ladha.

Na wewe msomaji uliyekulia Mwanza, Kampala au Bujumbura, usijidanganye kwamba Kiswahili kinatosha kukufanya mwenyeji. Ukishafungua mdomo, muuzaji amejua hujazaliwa kisiwani. Hakuna ubaya. Salimia, uliza, sikiliza, utafundishwa.

Karatasi nizitaje kwa ufupi. Tangu Januari 2024 Kenya haitoi viza mlangoni. Mgeni huomba idhini ya kusafiri kwa mtandao kabla hajapanda ndege. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Uganda haguswi na hilo, lakini kama umechukua uraia wa huko uliko na unasafiri kwa pasipoti hiyo, jihesabu mgeni kama mwenzako. Tena mwambie atoe viatu na nguo chafu kwenye mifuko ya plastiki, kwani mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Atumie mfuko wa kitambaa.

Jambo la malaria nitalikazia, kwa sababu sisi ndio tunaolidharau. Rafiki yako atakwenda kwa daktari kabla ya safari, atapewa dawa ya kinga, atalala ndani ya chandarua. Wewe utasema mimi nimezaliwa huku, malaria naijua. Mwili uliokaa Ulaya miaka mingi umeshaisahau. Kinga ile ya utotoni hupungua, na ukiumwa unaweza kuumwa vibaya kuliko ulivyozoea. Mwende kwa daktari pamoja. Na mkirudi ughaibuni ukapata homa, hata baada ya wiki kadhaa, mwambie daktari wa huko ulikuwa pwani ya Kenya.

Mkifika, mchoree ramani kwa kalamu kabla hajafungua simu. Mombasa mjini ni kisiwa. Magharibi unatoka kwa njia ya Makupa, kaskazini kwa daraja la Nyali, na kusini unavuka kwa feri ya Likoni. Uwanja wa ndege na stesheni ya treni ya SGR, iliyoko Miritini, zote ziko ng'ambo ya magharibi, kwa hivyo ukishuka bado hujaingia mjini. Treni ya usiku kutoka Nairobi hufika kabla hakujapambazuka, na sioni sababu ya watu wawili wenye mizigo kufika mji wasioujua saa hiyo. Chukueni ya mchana.

Mtakapolala kutaamua mtakavyotembea. Mkitaka miguu iwe ndiyo usafiri wenu, tafuteni chumba kisiwani, karibu na Mji wa Kale. Mkitaka kuamkia ufukweni, Nyali na Bamburi ndiko kwenyewe, ila jueni mtapanda matatu, yaani daladala, kila siku, na saa za watu kurudi kutoka kazini daraja la Nyali hujaa. Kama una shangazi hapa, kamsalimie siku ya kwanza na sukari mkononi, lakini usimpeleke rafiki kulala kwake pasipo kumuuliza mapema. Mgeni wa pwani hupikiwa, huachiwa kitanda, na hakuna atakayekuambia kwamba mmewalemea. Nyumba nyingi maji ya bomba ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, na yale matamu hununuliwa kwa mitungi. Mwambie mwenzako asiyamwage ovyo.

Siku hiyohiyo, kabla ya kwenda kuona chochote, anunue laini ya simu yake mwenyewe. Pasipoti inatosha kuisajili, na afungue M-Pesa kwa jina lake. Hapa hata muuza madafu hulipwa kwa simu. Pesa za safari tulizigawa hivi: kila mmoja alitoa kiasi sawa asubuhi, tukatia mfuko mmoja wa nauli na chakula, na ununuzi mwingine kila mtu kwa pesa zake. Yale maswali ya nani alilipa tuktuk jana yalikwisha.

Laini hiyo tuliinunua tumeshaadhibiwa. Siku yetu ya pili tulikwenda Likoni. Mtembea kwa miguu halipi kitu kwenye feri. Mnakaguliwa mizigo, mnangojea, abiria wa ng'ambo wakimaliza kushuka lango linafunguliwa, umma unateremka kwa pamoja. Nilikuwa mbele, yeye hatua tano nyuma yangu. Mimi nikapita, lango likafungwa. Simu yake haikuwa na laini ya hapa, na namba yangu hakuijua kwa kichwa. Nikavuka, nikangoja upande wa pili. Yeye akaona nimechelewa, akaamua labda nimerudi, akabaki. Nami nikapanda feri ya kurudi, na wakati huohuo subira ikamwisha akapanda ya kuja. Tulipishana baharini. Ilipita zaidi ya saa moja ndipo nikamwona amekaa karibu na mama muuza matunda, shanta limewekwa kifuani, uso umemshuka. Sikuwa na wa kumlaumu, hatukuwa tumekubaliana lolote.

Kwa hivyo wekeni kanuni: aliyebaki nyuma asiondoke alipo, aliyetangulia ndiye atakayerudi. Namba ya simu ya kila mmoja iandikwe kwenye karatasi mfukoni mwa mwenziwe. Na kila mnapokwenda, taja mahali pa kukutania panapojulikana na kila dereva wa tuktuk. Kwa mjini, Pembe za Ndovu pale barabara ya Moi hapakosewi. Pia asipige picha kwenye feri, hairuhusiwi.

Maneno ya kumfundisha si mengi. Salamu kwanza, kwa sababu anayeuliza njia bila kusalimu hujibiwa nusu. Kisha "bei gani?", "punguza kidogo", "shusha hapa" kwa makanga, yaani konda, wa matatu, na "ahsante, sihitaji" kwa vijana wa ufukweni, lisemwe kwa tabasamu bila kusimama. Bei ya tuktuk ikubaliwe kabla ya kupanda. Umwachie aseme mwenyewe, hata akikosea. Hapa mtu hachekwi kwa Kiswahili cha kujifunza. Hushangiliwa, na mara nyingine akapunguziwa bei kuliko wewe.

Mji wa Kale nendeni asubuhi au alasiri, mashanta yabaki chumbani. Vichochoro ni vyembamba, bodaboda na mikokoteni hupita humohumo, na begi kubwa huwakwaza watu. Anzeni Fort Jesus, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ikatekwa na Waomani mwaka 1698, na sasa imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011. Kiingilio hutofautiana kati ya raia, wakaazi na wageni, basi beba kitambulisho. Usimkimbize mwenzako humo ndani. Aulize kuhusu kuzingirwa kwa ngome kulikoanza 1696, asimame kwenye ukuta unaotazama mkono wa bahari, aone mwenyewe kwa nini kila aliyetaka pwani hii aliitaka ngome ile. Mkitoka, shikeni Ndia Kuu, mpite Msikiti wa Mandhry, mteremke hadi Bandari ya Kale. Huku watu wanaishi, wanasali, wanafua. Mavazi yafunike mabega na magoti, na kamera isielekezwe kwa mtu au mlangoni mwa mtu bila kuomba. Mkiona wazee wamekaa barazani na birika la kahawa tungu, salimieni. Ukipewa kikombe, kaa unywe. Mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa njiani mchana. Futari ikifika mtakula vya kuwashinda.

Chakula sitakitolea orodha, fuata foleni. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Jioni mwende ufukwe wa Mama Ngina, mkae chini ya mibuyu na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, mkitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Ikiwa mna jioni moja tu, iwe hiyo. Aprili na Mei masika humwaga, na wakati wa kusi, upepo wa kusini, bahari huchafuka na mwani hujaa ufukweni. Anayetaka kuogelea aje wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi.

Siku ya mwisho mpe mwenzako asubuhi yake peke yake. Wangu alikwenda soko la Marikiti kununua iliki na mdalasini, kisha Biashara Street kwenye leso, yaani khanga. Nilimtahadharisha jambo moja tu: kila leso ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini, na mengine ni mafumbo makali ya watu wenye ugomvi, asimpelekee mamake kabla ya kuuliza maana. Saa sita nikamngoja pale Pembe za Ndovu. Alikuja kwa miguu, jasho linamtoka, na doti mbili kwapani, akanisomea jina la kila leso na maana yake kama alivyoelezwa na muuzaji, neno kwa neno. Tukapanda matatu ya Miritini mapema, kwani barabara hiyo hujaa malori ya bandari, na stesheni mizigo hupangwa chini mbwa wainuse kabla hamjaruhusiwa kupanda treni.