Umeme ukirudi kwa kishindo: anzia ukutani kabla ya kufungua kompyuta

Jioni ile taa za steshenari yangu ziliwaka nyeupe kupita kawaida, feni ikavuma kama inataka kuruka darini, kisha pah! Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba. Kompyuta ya mezani, ile inayonilishia watoto, ikazima. Nami kwa kiherehere nikabonyeza kitufe cha kuwasha mara tano. Usinifuate katika hilo.

Zima kwanza swichi kuu, ndipo uchomoe kila kitu: waya wa umeme, wa printa, hata wa intaneti, maana umeme hupita huko pia. Taa zikiwaka kupita kiasi, mara nyingi nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, imekatika au imelegea kwenye laini, na nyumba inaweza kupokea karibu volti 400 badala ya 230. Waite watu wa umeme. Usirudishe hata chaja ya simu mpaka wamepima.

Soketi ikishathibitishwa, angalia fyuzi iliyo ndani ya plagi ya pini tatu. Niliomba Mungu iwe hiyo, kitu cha bei ya andazi. Ilikuwa nzima.

Basi nusa nyuma ya kompyuta, kwenye pawasaplai, lile boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Ikinuka moto, umeshampata wa kwanza kushukiwa, lakini usiifungue: kapasita zake, vile vijenzi vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa. Ipime ikiwa imefungwa. Chomoa waya zake zote kutoka kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) na diski. Kwenye ile plagi kubwa ya pini 24, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa klipu ya karatasi, ndipo uchomeke umeme. Feni ikizunguka, usishangilie bado, chukua mita ya kupimia volti. Njano isome volti 12, nyekundu 5, ya machungwa 3.3. Njano ikiwa chini ya 11.4 au juu ya 12.6, hiyo usiiamini tena. Feni ya pawasaplai yangu haikutikisika hata kidogo.

Nikanunua nyingine. Hapa ndipo wengi huharibu: wanachomeka kila kitu kwa pamoja. Mimi niliacha diski nje. Mazabodi, prosesa na ramu moja tu, basi. Picha ikatokea kwenye skrini, nikakaa chini kidogo. Kisha nikaongeza kimoja kimoja, nikizima na kuchomoa kila mara. Tundu la waya wa intaneti lilikuwa limekufa, taa zake hazikuwaka. Niliziba pengo kwa adapta ndogo ya yuesbii.

Diski iwe ya mwisho, na usianze kuifanyia kazi. Iweke kwenye kikasha cha yuesbii, iunganishe na kompyuta nyingine, unakili mafaili kwanza. Yangu ilikuwa na mitihani ya shule mbili, unaweza kufikiria jasho. Kama haisomi na saketi yake, ile bodi ndogo iliyofungwa juu yake, inanuka, usibandue saketi ya diski nyingine uifunge hapo. Nyingi hubeba taarifa za diski yake yenyewe. Mpelekee fundi anayejua kuokoa data.

Wa laptopu mna nafuu: mara nyingi chaja ndiyo hupokea kipigo. Jaribu kuwasha kwa betri peke yake, kisha upime chaja kabla ya kuichomeka tena.

Ile ekstensheni yenye kitaa chekundu nilidhani inanilinda. Nyingine hazina kinga kabisa, na zenye kinga huweza kuimaliza kwa kipigo kimoja huku soketi zikiendelea kutoa umeme kama kawaida. Sasa nina friji gadi: umeme ukipanda au kushuka mno inakata, ukitulia inasubiri dakika kadhaa ndipo irudishe. Wateja wa kudurufu hunung'unika wakisubiri. Nawapa kiti.