Kabla uhesabu hatua, pima spidi yako

Wamama wengi wakija kwangu kliniki wananiambia mimi natembea sana, stage natembea, sokoni natembea, na ni ukweli, lakini mimi fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) nauliza tu unatembea kwa spidi gani? Mtu anaweza zunguka kibanda Gikomba siku nzima na hata jasho halijamtoka.

Kwanza tafuta mahali pamenyooka, korido ya ploti iko sawa. Pima mita 10 uchore chaki pande zote mbili. Tepu ya fundi nguo ni mita moja na nusu tu, so utaihamisha mara sita halafu uongeze mita moja.

Sasa anza kutembea kama hatua tatu nyuma ya chaki, mwendo wako wa kila siku, usijifanye Faith Kipyegon, pita chaki ya pili bila kupunguza, mtoto ahesabu sekunde kwa simu kutoka chaki hadi chaki. Rudia mara tatu, chukua wastani.

Gawanya 10 kwa hizo sekunde. Sekunde 8 ni mita 1.25 kwa sekunde, hiyo ni poa. Ukishapita miaka 60 spidi inashuka pole pole, usishtuke. Lakini shosho akichukua sekunde 12.5 ama zaidi (yaani mita 0.8 kwa sekunde kushuka), hapo sisi huanza kushuku misuli imeisha nguvu, mpeleke aangaliwe, msiseme ni uzee tu.

Kupandisha spidi: ukitoka tao kwenda Upper Hill ule mlima upande na miguu, asubuhi watu wakiwa wengi, sio giza. Hesabu hatua kwa sekunde 15, ukipata 25 hiyo ni 100 kwa dakika, mwendo wa maana, unaweza ongea lakini kuimba utashindwa. Dakika tatu haraka, tatu taratibu, rudia hadi dakika 30, siku tano kwa wiki, hapo umepata dakika 75 za haraka, nusu ya zile 150 za wiki za WHO (Shirika la Afya Duniani). Siku mbili weka mazoezi ya misuli, kuinuka kwa kiti bila kushika kitu mara kumi kumi, na hii msiruke wale hedhi imekatika juu mifupa inapungua haraka hiyo miaka.

Na ile hesabu ya hatua elfu kumi kwa siku isikusumbue, ilianza Japani 1965 kama jina la kamashine ka kuhesabu hatua.

Wiki ya nane pima tena, korido ile ile, viatu vile vile, sio slipas.