Foleni ya mtaani kwenu: ipimeni kabla hamjaandika barua

Hii nawaandikia wale walio kwenye kamati za mtaa, magrupu ya wakazi, walimu wa shule iliyo kando ya barabara kubwa, yeyote anayekaa kwenye foleni kila siku na anataka kufanya kitu zaidi ya kulalamika. Mifano yangu ni ya Dar maana barabara zake ndo nazozijua, ila vipimo ni vilevile ukiwa Mwanza, Arusha au Mombasa. Ukienda ofisini kusema foleni imezidi utajibiwa tunalijua hilo. Ukienda na karatasi inayoonyesha watu wanapoteza dakika ngapi, saa ngapi, na magari yanakwama mita ngapi kutoka wapi, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Kwanza tafuteni koo la foleni, yaani pale barabara inapobana, maana mahali gari limesimama sio mahali tatizo lilipo. Foleni inajaa kurudi nyuma, ni kama unamimina mafuta kwenye faneli, hata umimine haraka vipi kinachotoka chini ni kilekile, kinachoongezeka ni kilichojaa juu. Kwa hiyo tembeeni kwa miguu kuelekea mbele mpaka mfike pale magari yanapoanza kukimbia tena, halafu simameni hapo nusu saa nzima mkiangalia tu. Mtaona wenyewe. Leni mbili zinakuwa moja, au daladala zinashusha katikati ya njia, au gari moja linasubiri kukata kulia na nyuma yake kuna arobaini zinazotaka kwenda moja kwa moja, au kuna shimo linalofanya kila dereva apunguze mwendo, au lori linarudi nyuma kuingia geti la godauni. Andikeni kinachotokea na saa kilipotokea.

Baada ya hapo pimeni muda. Chagueni kipande chenye alama mbili ambazo kila mtu anazijua, tuseme kutoka kituo fulani mpaka mataa, na mjue urefu wake. Pita usiku saa tano barabara ikiwa wazi, kwa mwendo halali, andika dakika. Halafu watu wenu wanaopita hapo kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu, kila mmoja aandike saa na dakika aliyoingia kwenye kipande na aliyotoka (anayeendesha asiguse simu, aandike abiria). Chukueni Jumanne, Jumatano na Alhamisi kwanza, Jumatatu na Ijumaa zina tabia zake, likizo za shule zinadanganya kabisa, na siku ya mvua iwekeni kwenye karatasi yake peke yake msiichanganye na nyingine.

Tuseme kipande cha kilomita 3 usiku ni dakika 5 na asubuhi ni dakika 20. Hapo muda umekuwa mara nne, na kila mtu anapoteza dakika 15. Kama wanapita watu 1,000 kwa saa hapo ni saa 250 za watu zimeyeyuka, kwa saa moja tu ya asubuhi. Namba hiyo ndo muiandike kwa maandishi makubwa. Na msiishie kwenye wastani, maana mama anayewahi kliniki au mfanyakazi anayesainishwa kitabu saa mbili kamili hapangi safari yake kwa wastani, anaipanga kwa siku mbaya. Mkishapata safari 20 zipangeni kutoka fupi mpaka ndefu, ile ya 19 ndio muda ambao mtu asiyetaka kuchelewa analazimika kuutenga kila siku. Mara nyingi ukiwaonyesha watu hiyo wanaelewa haraka kuliko wastani.

Rangi nyekundu za Google Maps zinasaidia kujua saa gani na siku gani foleni inaanza, zitumieni mwanzoni, ila ramani haitawaambia ndani ya hayo magari kuna watu wangapi. Kwa hiyo inabidi kuhesabu. Watu wawili wawili kila upande, wamesimama pembeni mahali salama wakiwa na vizibao vya kung'aa, na serikali ya mtaa pamoja na askari wa trafiki wa hapo wawe wameambiwa mapema. Karatasi igawanywe kwa dakika 15, na safu za magari madogo, daladala, mabasi makubwa, bajaji na bodaboda, malori. Kwenye daladala kadirieni abiria, imejaa, nusu, au tupu. Mkimaliza mtakuta jambo linalowashangaza wengi, magari madogo yamejaza barabara lakini watu walio wengi wako kwenye daladala chache zilizobanwa katikati yake.

Hesabuni sehemu mbili, kabla ya foleni kuanza na baada ya koo. Kama kwenye barabara ya leni moja yanafika magari 1,500 kwa saa na yanatoka 1,200, kila saa yanabaki 300, na gari lililosimama na nafasi yake linakula kama mita 7, kwa hiyo ni zaidi ya kilomita 2 za foleni. Angalieni pia upande wa pili wa hesabu hiyo: tatizo zima limesababishwa na magari 300 kati ya 1,500. Huhitaji kuondoa nusu ya magari ya mji, ukipata moja kati ya matano tu, ama kwa kufungua koo kidogo ama kwa watu wachache kubadili muda au kupanda basi, foleni haijengeki.

Sasa kuna kipimo kimoja cha kwenye mataa ambacho nakipenda kuliko vyote maana hakihitaji chochote zaidi ya saa ya simu. Taa ya kijani ikiwaka, gari la kwanza linachelewa kidogo, halafu yakishashika mwendo leni moja yenye foleni hupitisha gari moja kila kama sekunde 2. Kijani cha sekunde 30 kinatakiwa kipitishe magari 13 mpaka 15 kwa leni. Simama hapo uhesabu mizunguko kumi. Ukipata 14, mataa yanafanya kazi yake na magari kweli ni mengi. Ukipata 8 basi kuna kitu mbele kinayazuia, geuza kichwa uangalie mita 40 au 50 baada ya makutano, mara nyingi utakuta daladala mbili zimesimama sambamba zinapakia, au teksi na bajaji zimejipanga kwenye kona. Hapo mtu akiomba barabara ipanuliwe anaomba pesa nyingi kwa tatizo la kuhamisha kituo.

Na hilo ndo la kwanza kwenye kupunguza. Kituo kiwe baada ya makutano, kisogezwe mbele vya kutosha na kiwe na sehemu ya basi kuingia pembeni. Anayekata kulia apewe kijileni chake cha kusubiria, hata cha magari manne tu, wanaonyooka waendelee. Magari yasipaki karibu na kona. Katikati ya makutano pachorwe miraba ya njano na isimamiwe, usiingie kama huoni pa kutokea, maana magari sita yakikwama katikati yanafunga pande zote nne.

Kuhusu askari kuongoza kwa mkono, naelewa kwa nini wanashika upande mmoja muda mrefu, wanataka waumalize. Lakini foleni iliyokuwa imesimama ikishaisha, magari yanayofuata yanakuja kwa nafasi kubwa kubwa, barabara inapitisha machache huku pande nyingine tatu zinajaa mpaka zinafunga makutano ya nyuma. Zamu fupi kiasi zinazoeleweka ni bora, na mizunguko kumi mliyoihesabu itawasaidia kumwonyesha mkuu wao bila ugomvi.

Kutanua na kuchomekea nako kunapimika. Kila anayepita pembeni kwenye vumbi lazima arudi barabarani palepale kwenye koo, wa nyuma yake anafunga breki, na zile sekunde 2 zinakuwa 4. Nguzo au mawe pembeni ya barabara yanazuia hili vizuri kuliko tangazo. Leni zinapoungana kihalali, gari moja huku moja kule, mpaka mwisho wa leni. Kwenye haiwei breki peke yake inatosha kuleta foleni: watafiti wa Japani mwaka 2008 walionyesha magari 22 yakizunguka duara la mita 230, hakuna mataa wala ajali, na bado foleni ikajitengeneza kwa sababu ya mtu mmoja kupunguza mwendo na wa nyuma kupunguza zaidi. Kwa hiyo acheni nafasi mbele.

Kupanua barabara nakuweka mwisho kwa makusudi. Kunasaidia pale leni zinapopungua ghafla, na njia za juu za Dar kama ya Tazara (2018) na Ubungo (2021) zilitenganisha magari yaliyokuwa yanasubiriana. Ila barabara pana inaita magari mapya, na koo linahamia makutano yanayofuata, barabara ya Katy Freeway ya Houston, Marekani, ilipanuliwa sana ikakamilika 2008 na miaka michache baadaye muda wa safari za asubuhi na jioni ukapanda tena. Leni ya basi inapitisha watu wengi zaidi kwa upana uleule, mradi mabasi yawepo ya kutosha, maana mwendokasi wa Dar, yaani mabasi yenye leni yao, ulioanza 2016 watu waliupokea kwa mikono miwili na kinachowarudisha kwenye magari yao ni kusubiri sana kituoni. Kutoza gari linaloingia katikati ya mji kunafanya kazi, Singapore walianza 1975, London 2003, na Stockholm kwenye majaribio ya 2006 magari yalipungua kwa karibu asilimia 20, lakini msimamo wangu ni kwamba hapa kwetu basi la uhakika litangulie, vinginevyo unamtoza mtu asiye na njia nyingine.

Barua yenu, kwa walio Tanzania, iende kwa taasisi inayohusika: barabara za mtaa na za ndani ya wilaya ni TARURA, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, njia za daladala ni LATRA, na nakala kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya na diwani. Ukurasa mmoja, picha ya koo, jedwali moja, ombi moja. Wakikubali kujaribu, msipime wiki ya kwanza, madereva wanakuwa bado wanazoea. Subirini kama mwezi, mrudi siku zilezile, saa zilezile, na alama zilezile mbili.