Breki ikikaba, anza na pini: kusafisha na kupaka grisi kalipa

Umeshuka kutoka Marangu hadi Himo, au kutoka Rhotia hadi Mto wa Mbu, na chini ya mteremko rimu moja ya mbele inachoma wakati mwenzake ni ya uvuguvugu tu. Usikimbilie kununua pedi. Kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, inakaba, na pedi mpya zitaliwa vilevile kama za zamani.

Mwongozo huu ni wa kalipa inayoteleza juu ya pini mbili, ile iliyo mbele kwenye IST, Noah, RAV4 na gari nyingi ndogo. Land Cruiser na Prado nyingi mbele zina kalipa ya pistoni nne isiyoteleza. Hiyo haina pini hizi na kazi yake ni nyingine.

Kwenye kalipa ya pini, pistoni inasukuma pedi ya ndani hadi iguse diski, kisha mwili mzima wa kalipa unarudi nyuma juu ya pini na kuvuta pedi ya nje. Pini zikinata, kazi yote inabaki kwa pedi ya ndani. Kwa hiyo zisome pedi kabla ya kuzitupa: ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, ujue pini au pistoni haitembei; pedi ikiwa imeliwa mshazari, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine, ujue pini moja imejam.

Vifaa

Jeki, stendi, spana ya tairi namba 21, boksi namba 14 na 17, spana bapa nyembamba ya kushikilia pini isizunguke, brashi ya waya, mswaki wa zamani, matambara ya pamba, kipande cha waya, klempu ya seremala na dawa ya kupuliza ya kusafishia breki. Spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukiweza kuazima, azima.

Sasa grisi, maana hapa ndipo kalipa nyingi zinapouawa. Grisi ya beringi, ile ya kopo iliyopo kila gereji kuanzia Kijenge hadi Majengo, usiiguse. Imetengenezwa kwa mafuta ya petroli, na mipira ya breki haivumilii mafuta hayo: inavimba na kulainika. Siku ya kwanza pini inateleza vizuri na mwenye gari anaondoka ameridhika. Baadaye mpira mdogo ulio kwenye ncha ya pini unavimba ndani ya tundu, na pini inakwama hata nyundo haiitoi. Oili ya injini, dizeli na WD-40 zina kosa lilelile. Nunua grisi ya silikoni, au nyingine ambayo tyubu yake imeandikwa wazi kuwa ni ya pini za kalipa na haidhuru mpira. Tyubu ndogo inatosha gari zima. Muuza spea akikwambia "grisi ni grisi", nenda duka la jirani. Grisi ya shaba nayo isifike kwenye pini.

Kufungua

Legeza nati tairi likiwa bado chini, weka kigingi kwenye matairi ya nyuma, inua, weka stendi, toa tairi. Masika udongo mweusi unameza jeki, kwa hiyo weka ubao mpana chini yake na chini ya stendi pia. Fanya upande mmoja kwanza, ule wa pili uwe kielelezo chako ukisahau kitu kilikaa wapi.

Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa. Baadhi ya pedi za zamani zina asbesto, na hata zisizo nayo, vumbi lake halifai kuingia kifuani. Nyunyiza maji yenye sabuni, lishuke likiwa tope.

Fungua bolti mbili za namba 14, toa kalipa na uitundike kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwenye hozi hata kwa dakika moja. Hozi inaweza kupasuka kwa ndani na nje usione kitu.

Pini

Kwenye braketi, ile fremu ya chuma inayobeba pedi, vuta pini ya juu na ya chini, na kabla hujaziweka chini, zitie alama. Toyota nyingi zina pini moja nyoofu na nyingine yenye mpira mdogo kwenye ncha. Hazibadilishani nafasi. Ukizibadilisha zitaingia bila shida, gari litatembea, na tatizo la kukaba litaendelea huku umeshaapa kwamba kalipa umesafisha.

Ikikataa kutoka, izungushe kwa spana kulia na kushoto huku ukivuta. Usiipige kwa nyundo kutoka pembeni, itapinda.

Toa mipira ya vumbi yenyewe kabisa, uioshe kwa maji na sabuni ya unga, uikaushe. Ikunje kwa vidole mbele ya mwanga: ufa mdogo ukionekana, badilisha. Vumbi la Longido na Monduli ni laini kama unga na linapita kwenye ufa ambao jicho halioni. Likichanganyika na grisi ya ndani linakuwa msasa.

Pini ifute hadi chuma king'ae. Kutu nyepesi ya juu juu inatoka kwa msasa laini wa maji namba 1000. Ikiwa na vishimo vya kutu, tupa, kwa sababu vishimo hivyo vitararua mpira na kushika maji.

Watu wengi wanasafisha pini na kusahau tundu lake. Grisi ya zamani hukauka mle ndani kama nta, na chini kabisa hukaa tope la kutu na maji. Puliza dawa ya breki, sokota tambara kwenye kijiti chembamba, zungusha, toa, kata lingine. Rudia hadi tambara litoke kama lilivyoingia. Tundu lililojam linaweza kula vipande vinane au kumi. Usiingize keekee kulipanua, pini itacheza na kugonga kila ukipita tuta. Subiri likauke kabisa.

Kiasi cha grisi: punje moja ya maharage kwa kila pini, uisambaze iwe utando mwembamba, na kidogo kwenye mdomo wa mpira wa vumbi. Usijaze tundu. Tundu limeziba upande wa ndani, kwa hiyo grisi ikizidi pini inaibana pamoja na hewa na kusukumwa nje kama pampu. Utaiona: unaisukuma hadi mwisho, unaiachia, inarudi taratibu yenyewe. Fundi anadhani pini ni ndefu au siyo yake, anahangaika mchana kutwa, kumbe ni hewa tu. Ukiwa umeisukuma hadi mwisho, inua mdomo wa mpira kwa kucha, hewa itoke kwa mlio mdogo, kisha rudisha mdomo kwenye mfereji wake. Ikiendelea kurudi, toa pini na ufute grisi ya ziada. Pini iliyo sawa inasukumwa na kuvutwa kwa vidole viwili na inabaki ulipoiachia.

Braketi na pedi

Chomoa vibati vya chuma vinavyoshika masikio ya pedi. Chini yake ndipo kutu hujificha, inavinyanyua, nafasi inapungua na pedi inabanwa. Sugua kwa brashi ya waya hadi chuma, rudisha vibati. Pedi iteleze kwa mkono; ukihitaji nyundo, bado hujamaliza kusugua. Paka utando mwembamba wa grisi ya breki kwenye masikio na mgongoni mwa pedi tu. Upande unaogusa diski usipate hata alama ya kidole. Pedi iliyobaki milimita 3 ibadilishe, na ubadilishe pande zote mbili za ekseli.

Pistoni

Kagua mpira wake. Ukichanika na pistoni ikiwa na kutu, grisi haisaidii, nunua seti ya mipira. Ikiwa nzima, fungua kifuniko cha mafuta ya breki na uirudishe polepole kwa klempu juu ya pedi ya zamani, ukichungulia kopo lisifurike, maana mafuta hayo yanababua rangi ya gari. Kalipa za nyuma zenye handibreki ndani yake mara nyingi pistoni huzungushwa ikisukumwa. Usiilazimishe.

Kurudisha

Bolti za pini kwenye Toyota ndogo nyingi hukazwa takribani Nm 34 (nyutoni-mita, kipimo cha spana ya torki), nati za tairi Nm 103. Bolti ya pini ni nyembamba, ukiikaza kwa nguvu ya nati ya tairi itakatika.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga breki mara nyingi hadi pedali iwe ngumu. Pistoni umeirudisha ndani, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unakwenda hadi sakafuni. Anayesahau hili anagundua gari likiwa tayari linatembea.

Endesha kilomita tano barabara tambarare, ukitumia breki kidogo, kisha sogeza kiganja karibu na rimu zote mbili za mbele bila kugusa diski. Joto lilingane. Kama upande uleule bado unachoma, inua gari na ujaribu kuzungusha tairi. Likiwa limekaba, fungua kidogo nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Tairi likilegea papo hapo, mafuta yalikuwa yamenaswa, na mara nyingi ni hozi iliyovimba ndani: badilisha hozi na utoe upepo. Likibaki limekaba vilevile, rudi kwenye pistoni.