Pikapu iliyonyanyuliwa: namna ya kukagua bolijointi na kutunza springi, hatua kwa hatua

Hilux Vigo moja ililetwa gerejini kwetu Arusha ikiwa imebebwa juu ya lori, gurudumu la mbele kushoto limelala ubavu chini ya fenda. Bolijointi ya chini, kile kiungo cha gololi kinachounganisha gurudumu na mkono wake, ilichomoka karibu na Engaruka, dereva akiwa anakata kona taratibu kuingia bomani. Ingemtokea kwenye lami ya Makuyuni akiwa kwenye spidi ya 100, sijui kama tungezungumza naye. Kilichoniuma zaidi ni kwamba gari hilo lilikuwa limekaguliwa wiki mbili nyuma, mwenyewe akaambiwa liko safi. Na fundi aliyelikagua hakudanganya. Alilipiga jeki, akashika tairi, akalitikisa, halikucheza. Kosa lake lilikuwa pale alipoiweka jeki.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye jeki. Mfano wangu ni Hilux za mwaka 2005 hadi 2015 zilizonyanyuliwa inchi mbili, kwa sababu ndizo ninazoshika kila wiki. Gari lako likiwa la aina nyingine, tazama kwanza springi ya mbele imekalia mkono upi, wa juu au wa chini; mikono ni vile vyuma vinavyounganisha gurudumu na chasisi na kupanda na kushuka nalo. Mkono wenye springi ndio unaobeba uzito, na bolijointi ya mkono huo ndiyo ya kuitilia shaka kwanza. Kwenye Vigo springi imekalia mkono wa chini.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa spana

Egesha mahali tambarare, gari likiwa tupu, upepo wa matairi sawa pande zote. Pima kutoka katikati ya habu ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, na uandike kwenye daftari. Upande mmoja ukiwa chini kwa zaidi ya sentimita moja hivi, kuna springi imechoka au pasi ya nyuma, yaani springi ya vyuma bapa, imevunjika. Namba hizi utazihitaji tena baadaye, usizitegemee kichwani.

Hatua ya 2: Jeki chini ya mkono, si chini ya chasisi

Ukiinua gari kwa chasisi, gurudumu linaning'inia, mikono inashuka mpaka mwisho wake, na bolijointi zinabaki zimevutwa zikakazika kwenye pembe moja. Hata iliyolika inatulia kimya. Kwenye gari lililonyanyuliwa hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa pembe zenyewe zimeshakuwa kali tangu gari likiwa chini.

Weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma. Peleka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na bolijointi kadiri inavyoingia, uinue hadi tairi liache ardhi kwa upana wa vidole viwili. Weka stendi chini ya chasisi kama ulinzi. Sasa springi imeminywa, mzigo umehamia kwenye jeki, bolijointi iko huru. Ingiza mtarimbo chini ya tairi, unyanyue na kushusha taratibu. Mwenzako aweke kidole kwenye maungio, pale mkono unapokutana na nako, kile chuma kinachobeba habu. Kidole kinasikia kabla ya jicho kuona: kigongo kidogo, tik, kila unaponyanyua.

Kisha shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki mpaka mwisho, ujaribu tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni bolijointi. Halafu shika kushoto na kulia: likicheza hapo, tafuta kwenye tairodi endi, ile ncha ya fimbo ya usukani, au kwenye raki ya usukani.

Kitabu cha gari kinataja kipimo cha mchezo unaoruhusiwa. Mimi kwenye gari lililonyanyuliwa na linalokwenda porini, mchezo wa bolijointi ya chini nikiuona kwa macho, sirudishi gari barabarani kabla sijaibadilisha. Nimeshagombana na wateja kwa hilo na nitaendelea kugombana.

Hatua ya 3: Kagua mpira wa vumbi kwa kuupapasa

Bolijointi ni gololi yenye shingo iliyokaa ndani ya kikombe, ikizungukwa na grisi na kufunikwa kwa kimpira laini. Uhai wake wote uko kwenye kimpira hicho. Mwaka 2005 Toyota iliyaita yarudishwe kurekebishwa magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani, pikapu za Tacoma na Tundra zikiwemo, kwa sababu ya bolijointi za mbele: uso wa gololi ungeweza kuwa ulipata mikwaruzo kiwandani, na mikwaruzo hiyo ikaendelea kuila mpaka ikalegea. Kama mkwaruzo wa kiwandani unafanya hivyo, lifikirie vumbi la barabara ya Ziwa Natron, lile jivu la volkano laini kama unga, likichanganyika na grisi. Huo ni msasa.

Futa kimpira kwa kitambaa kikavu, kisha kizungushe vidole pande zote, hasa upande wa ndani usioonekana. Kwenye gari lililonyanyuliwa kimpira cha bolijointi ya juu kinavutwa upande mmoja muda wote, na hupasuka pale kwenye mkunjo. Ukikuta grisi nje, au grisi iliyogeuka rangi ya kutu, usihangaike kuongeza nyingine. Badilisha.

Bolijointi nyingi za kiwandani hazina chuchu ya grisi. Za kununua nyingine zinayo. Kama ipo, futa chuchu vizuri, piga grisi taratibu mpaka kimpira kianze kuvimba kidogo, uache hapo. Ukiendelea kinapasuka, na umeharibu ulichokuja kutunza.

Ukiwa hapo hapo chini tazama buti za sivii jointi, ile mipira inayofunika viungo vya shafti za magurudumu ya mbele. Mikunjo yake ikisuguana kwa sababu ya pembe, itachanika karibuni. Kama gari limepandishwa zaidi ya inchi mbili na bado linatumia mikono ya juu ya kiwandani, nunua mikono ya juu iliyotengenezwa kwa gari lililonyanyuliwa. Bei inauma, lakini inairudisha bolijointi kwenye pembe inayoivumilia.

Hatua ya 4: Kubadilisha bila kuharibu

Jeki ibaki chini ya mkono wa chini muda wote. Ukiiondoa, springi itausukuma mkono huo chini na wewe uko mbele yake. Toa kotapini, ile pini inayoizuia nati isifunguke, legeza nati lakini usiitoe, iache ishike nyuzi chache ili kitu kisikurukie. Tumia pula, au piga nyundo ubavuni mwa tundu la nako mpaka shingo iachie. Usiigonge shingo yenyewe kichwani. Wakati wa kufunga, safisha tundu liwe kavu bila grisi, kaza kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha kitabu, na kama tundu la kotapini halijalingana, ongeza kukaza mpaka lilingane. Usilegeze nati kutafuta tundu. Kotapini iwe mpya.

Hatua ya 5: Bushi hukazwa gari likiwa limesimama

Hapa ndipo bushi nyingi zinapouawa zikiwa mpya. Bushi ya mpira, ile inayokaa pale mkono unapofungwa kwenye chasisi, haizunguki kwenye bolti yake. Chuma cha ndani kinabanwa, na mpira wenyewe ndio unaojisokota mkono unapopanda na kushuka. Ukikaza bolti za mikono magurudumu yakining'inia, ukishusha gari mpira unakuwa umeshajisokota na utakaa hivyo siku zote, gari likiwa limeegeshwa hata usiku. Baada ya miezi michache umepasuka na mteja analalamika spea ni feki. Funga bolti kwa mkono tu, shusha gari, litikise mara kadhaa likae sawa, hakikisha urefu unalingana na daftari lako, ndipo ukaze.

Hatua ya 6: Nyuma

Kaza yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana pasi kwenye ekseli, kwa mshazari, upande huu kisha ule. Angalia senta bolti, ile inayoshikilia pasi pamoja katikati: pasi zikiwa zimepishana, imekatika. Geuza usukani mpaka mwisho kila upande, uone kama mipira ya breki ya mbele inavutika. Ya nyuma ikague ekseli ikiwa imening'inia.

Halafu kuna kitu ambacho wanaofunga lifti kiti, yaani vifaa vya kunyanyulia gari, hukisahau. Hilux nyingi zina valvu ya breki juu ya ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayosoma uzito wa mzigo kwa umbali kati ya chasisi na ekseli. Ukinyanyua nyuma, valvu inadhani gari ni tupu daima, na inapunguza breki za nyuma hata ukiwa umebeba tani. Fimbo hiyo inatakiwa isogezwe kulingana na urefu mpya.

Hatua ya 7: Alaimenti na kurudi

Kazi yoyote ya mikono au bolijointi imalizike kwenye mashine ya alaimenti, inayopima na kunyoosha pembe za magurudumu. Omba upewe karatasi ya vipimo na uangalie kasta, yaani mlalo wa nako ukiitazama kutoka ubavuni, kwa kuwa kunyanyua huipunguza na usukani huanza kutangatanga kwenye lami. Baada ya kilomita 500 kaza tena yubolti na bolti za mikono, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Mtarimbo na kidole virudiwe kila kilomita 5,000 unapomwaga oili, na kila urudipo kutoka Natron au Loliondo, hata kama hukusikia kitu chochote kikigonga.