Somo: Namna ya kuandaa chakula cha siku ya kuzaliwa katika mkahawa wa Kifaransa hapa Lubumbashi

Ndugu zangu, swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na mara nyingine kwa mtu yule yule aliyesahau jibu la kwanza. Kwa hiyo ninaandika mara moja, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamwelekeza hapa. Nilihudumu mezani miaka sita katika mkahawa wa namna hiyo mjini, lakini kosa nitakalolieleza nililifanya nikiwa mwenyeji mwenye sherehe yake.

Hatua ya kwanza ni kupiga simu na kuagiza meza juma moja kabla, hasa ikiwa ni Ijumaa au Jumamosi.

Hatua ya pili ni kuuliza kama jenereta inafanya kazi.

Hatua ya tatu, yaani idadi ya wageni na bei, ndiyo iliyoniumbua. Mke wangu alipotimiza miaka arobaini niliagiza meza ya watu wanane, kisha nikaalika kwa desturi yetu: «Karibuni, tutakula pamoja.» Kwetu mwaliko wa namna hiyo hauna mlango. Shemeji alikuja na rafiki yake, mjomba alikuja na wajukuu wawili, na tulipoketi tulikuwa kumi na wanne. Nyumbani ungeongeza unga kwenye bukari, yaani ugali, na sombe (majani ya muhogo) ingetosha, lakini katika jiko lile nyama hukatwa kwa hesabu ya sahani na mchuzi huanza kupikwa mapema. Zaidi ya hayo, niliacha kila mtu achague mwenyewe kwenye karte, yaani orodha ya vyakula. Mjomba aliona neno «entrée», yaani chakula cha kuanzia, limeandikwa juu kabisa, akadhani ndicho chakula chenyewe, akaagiza tatu. Na mtu mmoja ambaye mpaka leo hajajitaja alinyoosha kidole kwenye mstari wa mwisho wa orodha ya divai. Fakture, yaani hesabu ya malipo, ililetwa ndani ya kijalada cheusi cha ngozi. Nilikifungua upana wa kidole kimoja, nikakifunga. Saa tano usiku nilikuwa ndani ya teksi nikienda nyumbani kuchukua bahasha ya minervali, yaani karo ya shule, ya watoto.

Basi fanyeni hivi. Alikeni kwa majina, na mseme wazi kwamba viti vimehesabiwa. Kubalianeni na mkahawa juu ya menyu ya bei moja kwa kila mtu, yenye chaguo mbili kwa kila hatua ya mlo, na makubaliano hayo yaandikwe. Hesabuni vinywaji kando: chupa ya kawaida ya divai hutoa glasi tano au sita tu. Mwambieni mhudumu, mbali na meza, kwamba chupa yoyote ya ziada haifunguliwi mpaka ninyi wenyewe mwinamishe kichwa kukubali. Tena dola ziwe safi, kwa maana noti iliyochanika, hata kidogo, itarudishwa mbele ya wageni wenu.

Hatua ya nne ni kuwaeleza wageni utaratibu kabla ya siku yenyewe. Mnamo 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa binadamu, na mlo huo ni hasa ule wa siku kuu, zikiwemo siku za kuzaliwa: kinywaji cha kufungua hamu, chakula cha kuanzia, samaki au nyama pamoja na mboga, jibini, kisha kitamu cha mwisho. Sahani ni ndogo kwa sababu ni nyingi. Anayeshiba mkate wa kwanza asilaumu jiko.

Hatua ya tano: ulizeni mapema kama mnaruhusiwa kuleta keki na divai yenu, kwa sababu mikahawa mingi hutoza ada ya kufungua chupa isiyo yao.

Hatua ya sita: lipeni kwenye kaunta, si mezani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Katuba: Je, ninaweza kuja na keki yangu?

Jibu: Hatua ya tano.

Mwanachama wa Katuba: Na tukizidi idadi kidogo tu?

Jibu: Ndugu, hatua ya tatu ni ndefu kuliko zote, na sikuirefusha kwa kujifurahisha.

Mwanachama wa Kamalondo: Kwa nini tusile michopo, nyama yetu ya kuchoma, na bia ya Simba baridi kuliko kuwatukuza Wazungu?

Jibu: Michopo ninaila kila Jumapili, wala sijamwambia mtu aiache. Aliyeandikiwa somo hili ni yule ambaye mama yake ameomba mkahawa huo, naye hataki kuaibika.

Mama mmoja wa Kampemba: Baba yangu hawezi kula nyama yenye damu. Nitamwagizia vipi bila kumwaibisha? Na kwa nini «soufflé» yangu, kile chakula cha mayai kinachofura katika tanuri, ilinywea kabla sijaigusa?

Jibu: Mama, asante kwa kuuliza vizuri. Nyama ya ng'ombe ina ngazi nne: «bleu» imeguswa na moto tu, «saignant» bado ina wekundu na majimaji, «à point» ni ya waridi katikati, na «bien cuit» imeiva kabisa. Mwagizie «bien cuit» mapema kwa simu, na mezani hakuna atakayejua. Jihadhari na «tartare», ambayo ni nyama mbichi iliyokatwakatwa, na «magret», yaani nyama ya kifua cha bata, ambayo kwa kawaida huletwa ikiwa na rangi ya waridi. Ama «soufflé», kinachoiinua ni hewa iliyopigwa ndani ya ute wa mayai. Joto la tanuri huipanua, na ikitoka nje hewa hiyo hupoa na kusinyaa. Haikuharibika, ilisubiri. Iagize mwanzoni mwa mlo, ombeni ipikwe mtakapomaliza nyama, kisha muwe mmeketi nayo ikitoka, bila hotuba wala picha.

Mwanachama wa Goma: Yaya, jibini la Masisi linafaa kwa hatua ya jibini?

Jibu: Linafaa sana, nami nimelipeleka mara mbili kwa ruhusa ya mpishi. Linafanana na Gouda, kwa hiyo likatwe vipande vyembamba, na litolewe kwenye friji saa nzima kabla, la sivyo wageni watatafuna ubaridi tu.